Mizani ya Runinga Haiwezi Kupima Nyumba ya Songea

Kauli inayotawala kuhusu unene ni fupi na husemwa kwa kujiamini: mnene amejitakia. Anakula kupita kiasi, hajishughulishi, na dawa yake ni mtu wa kumsimamia kwa ukali mpaka apungue. Kauli hii ni ya zamani kuliko vipindi vya runinga vya kupunguza unene wa familia, lakini vipindi hivyo ndivyo vilivyoipa sura, muziki na mshindi. Hapa Songea, yakianza mazungumzo ya presha na kisukari saluni au kijiweni kwa bodaboda, haichukui muda mtu kusema kwamba na sisi tungeletewa kipindi kama vile vya Marekani: familia nene zichukuliwe, ziwekwe kambini, zisimamiwe, nchi nzima ione na ijifunze. Wanaosema hivyo wana nia njema. Naandika kuwapinga kwa sababu nia hiyo ikifuatwa itawaumiza watu ambao tayari wanaumia, na ugonjwa utabaki palepale.

Nisieleweke kwamba naudharau ugonjwa wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta watu tisa katika kila 100 wana kisukari, na 26 katika kila 100 wana shinikizo la damu. Ukienda kliniki ya magonjwa hayo katika hospitali yoyote ya mkoa huu, kuanzia ya rufaa hapa mjini hadi Peramiho, utakutana na watu waliogundua ugonjwa wao siku kidonda cha mguu kilipokataa kupona, au macho yalipoanza kufifia. Kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, ni hatari na hakuna haja ya kuipaka sukari. Ninachokataa ni tiba inayouzwa, na hadithi inayosimuliwa ili tiba hiyo iuzike.

Vipindi hivi vina umri wa kutosha sasa kuweza kuhukumiwa kwa matunda yake. The Biggest Loser kilianza Marekani mwaka 2004 katika kituo cha NBC. Watu wanene sana walichaguliwa, wakatolewa makwao, wakawekwa mahali pamoja na wakufunzi wa mazoezi, na kila wiki wakapandishwa kwenye mizani kubwa mbele ya kamera. Waliopungua kidogo kuliko wenzao ndio waliokuwa hatarini kuondolewa. Mshindi aliondoka na dola 250,000. Msimu wa sita, mwaka 2008, ulijengwa juu ya familia: mzazi na mwanawe, mume na mkewe, wakipimwa pamoja. Uingereza nayo, mwaka 2005, BBC ilirusha Honey We're Killing the Kids, ambamo wazazi walionyeshwa picha za kompyuta za sura ambazo watoto wao wangekuwa nazo wakifika miaka 40 iwapo wangeendelea kula walivyokuwa wakila. Wazazi walilia na kamera ikawasogelea. Na si mambo ya ng'ambo tu: majirani zetu wa Kenya walikuwa na Slimpossible katika Citizen TV, wanawake wakishindana kupunguza kilo. Wanaosema wazo hili lije Tanzania wanajua linapotoka, limeshafika mlangoni.

Sasa matunda. Mwaka 2016 Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wenzake walichapisha walichokikuta kwa washiriki 14 wa msimu wa nane wa The Biggest Loser, miaka sita baada ya shindano. Katika wiki 30 za shindano, watu hawa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58 kila mmoja. Miaka sita baadaye, wastani wa kilo 41 ulikuwa umerudi. Isipokuwa mmoja, wote walikuwa wameongezeka tena, na baadhi yao walikuwa wazito kuliko siku walipoingia. Mtetezi wa vipindi hivi anaweza kusema kwamba kwa wastani kilo 17 zilibaki nje, na atakuwa anasema kweli. Lakini asiishie hapo, kwa sababu habari kubwa ya utafiti ule iko mbele zaidi.

Mwili uliopumzika huchoma nishati ili moyo udunde, mapafu yavute hewa na damu iwe na joto. Miili ya washiriki wale, hata baada ya miaka sita, ilikuwa inachoma pungufu ya kilokalori 500 hivi kwa siku kuliko miili ya watu wa uzito na umri kama wao. Homoni ya leptini, inayouambia ubongo kwamba chakula kimetosha, nayo ilikuwa chini ya ilivyokuwa kabla ya shindano. Kwa hiyo mtu alikuwa na njaa zaidi, na mwili wake ulihitaji chakula kidogo zaidi. Danny Cahill, aliyeshinda msimu ule kwa kupungua zaidi ya kilo 100, alirudisha zaidi ya kilo 45, na ilielezwa hadharani kwamba mwili wake ulikuwa unachoma kilokalori 800 pungufu kwa siku. Kilokalori 500 ni kama gramu 140 za unga wa mahindi, yaani karibu ugali wa mlo mmoja wa mtu asiyekula sana. Mtu huyo anatakiwa auache mlo huo kila siku ya maisha yake, huku tumbo likimdai kuliko zamani, kisha tunamwita mzembe pale anaposhindwa.

Mwili haujui kwamba kuna kamera, wala haujui kwamba njaa hii ni ya hiari na mwisho wake kuna zawadi. Unajua njaa tu, na unajikinga nayo. Hili lilishaonekana zamani, Minnesota, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys alipowaweka vijana 36 waliojitolea katika nusu njaa kwa miezi sita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula bila kushiba, na mafuta ya mwili yalirudi yakapita pale yalipokuwa mwanzo. Vijana wale walikuwa wazima, wenye nidhamu ya kutosha kuvumilia miezi sita ya mateso kwa ajili ya sayansi. Asiyekubali kwamba hapa pana jambo kubwa kuliko nidhamu, aseme vijana wale walikosa nini.

Hayo ni ya Marekani. Nataka sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya runinga inapoanguka kabisa.

Familia ya runinga ni nene yote. Baba mnene, mama mnene, watoto wanene, friji imejaa, na mkufunzi anakuja na mfuko mweusi kumwaga vilivyomo. Mtazamaji anaona sababu kwa macho yake. Nyumba ya Songea haiko hivyo. Nenda Lizaboni, nenda Mfaranyaki, nenda Mjimwema, uingie nyumba ambayo mama ana kilo 90 na presha. Mara nyingi utamkuta mgongoni au mlangoni mtoto wa miaka minne ambaye kwa kimo ungemdhania wa miaka miwili na nusu. Wote wawili wamekula sufuria moja, siku moja, saa moja. Mmoja ana uzito uliozidi, mwingine amedumaa. Mkufunzi wa runinga atamfanya nini mama huyu, amwambie apunguze chakula? Na mtoto aambiwe nini?

Ruvuma ni kati ya mikoa inayoongoza nchini kwa kuzalisha mahindi. Msimu wa mavuno malori hupanga foleni kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hapa Songea, na mahindi yetu hulisha mikoa mingine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 36 katika kila 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Upande wa pili, tafiti za mfululizo huohuo zilikuta wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo nchini walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafika asilimia 28 mwaka 2015 na 2016. Watu wanazisoma takwimu hizi mbili kama habari za watu wawili tofauti, maskini wa kijijini na tajiri wa mjini. Mimi naona ni habari ya chungu kimoja.

Chungu chenyewe kinaeleza. Mahindi yanakobolewa, kiini na ganda vinaondoka na sehemu ya protini, mafuta mazuri na vitamini, kisha sembe nyeupe inabaki kuwa wanga kwa sehemu kubwa. Dona ipo, na inashibisha zaidi, lakini kwa wengi bado ni chakula cha shida au cha bweni la shule. Mboga ni moja. Maharage yanalimwa hapahapa, lakini kisado chake kinakwenda sokoni kuleta ada na daftari. Mayai yanauzwa pia. Kuku wa nyumbani ni benki. Dagaa wa Ziwa Nyasa wakifika mjini wanauzwa kwa fungu ambalo mwenye watoto watano analifikiria mara mbili. Kinachopatikana kwa urahisi, kwa kipimo cha fedha iliyo mfukoni leo, ni mafuta ya kupima kutoka kwenye dumu, robo ya sukari, andazi, chapati, chipsi. Nishati tele kwa bei ndogo, na virutubisho vichache. Mtoto anayekua anahitaji virutubisho ili arefuke, anavikosa na anadumaa. Mama asiyekua tena anapokea nishati ileile, na mwili unaiweka akiba. Huhitaji mlafi hata mmoja ndani ya nyumba hii ili matokeo haya yatokee.

Kuna jambo zito zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, sehemu ya Uholanzi ilizingirwa na watu wakafa njaa. Watafiti waliwafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati ule. Vijana ambao mama zao walipitia njaa ile katika nusu ya kwanza ya ujauzito walipofika miaka 19 walikuwa na unene uliokithiri zaidi ya wenzao, na walipokuwa watu wazima matatizo ya sukari katika damu yalionekana zaidi miongoni mwa waliokuwa tumboni wakati wa njaa. Mwili ulionyimwa mwanzoni mwa maisha hujipanga kuweka akiba, na chakula kikija baadaye akiba hiyo inageuka mzigo. Kwa mkoa wenye udumavu kama wetu, maana yake ni kwamba binti aliyedumaa leo Namtumbo au Mbinga yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuwa, mwaka 2055, mama mnene mwenye kisukari hapa mjini. Siku hiyo tutamleta mbele ya kamera tumuulize kwa nini hakujitunza? Alikuwa na miaka miwili wakati jambo lile lilipoanza.

Uzembe, basi, tuutafute wapi? Mama lishe wa Soko Kuu anaamka saa kumi usiku kuwasha moto. Anachemsha, anapika, anaosha vyombo, anakula makombo ya wali na mchuzi saa nne usiku kwa sababu mchana alihudumia wengine. Fundi cherehani ameketi kutwa nzima kwa sababu kazi yake ni ya kuketi, na akisimama hapati hela. Dereva wa bodaboda ameketi saa 12 juu ya pikipiki, na abiria wake, ambaye mama yake alitembea kutoka Matogoro hadi mjini na mzigo kichwani, naye ameketi. Kilichobadilika kwa watu hawa ni kazi, si tabia. Wazazi wao hawakuwa na nidhamu kubwa zaidi. Walikuwa na jembe la mkono. Ukimtoa mtu shambani ukamweka kwenye kiti cha duka, ukamwachia chakula kilekile cha mkulima, hesabu yenyewe inafanya kazi bila kuuliza moyo wake ukoje.

Na kuna unene unaotokana na dawa, ambao hakuna kipindi kitakachothubutu kuugusa. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito kwa sindano za uzazi wa mpango. Dolutegravir, ambayo sasa ni sehemu ya tiba kuu ya virusi vya UKIMWI katika nchi yetu, ilionekana katika utafiti mkubwa wa Johannesburg uliotolewa mwaka 2019 kuongeza uzito, hasa kwa wanawake. Dawa hizi zinaokoa maisha na wanaozitumia waendelee nazo. Asiyependezwa na uzito wake azungumze na mhudumu wake wa afya. Lakini mwanamke huyo akipandishwa kwenye mizani mbele ya taifa, ataeleza nini? Atachagua kati ya kusema siri ya damu yake na kuitwa mlafi.

Hapo nafika kwenye aibu, ambayo watetezi wa vipindi wanaiita hamasa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State, Ohio, walichapisha jaribio dogo. Kundi moja la wanafunzi lilitazama kipande cha dakika 40 cha The Biggest Loser, kundi jingine likatazama kipindi cha mambo ya asili. Waliotazama shindano la kupungua walitoka wakiwachukia wanene zaidi ya walivyoingia, na chuki ilikuwa kubwa hasa kwa wale wembamba wasiokuwa na mpango wowote wa kupungua. Tunaambiwa kipindi kinamfundisha mnene. Kumbe mwanafunzi mkubwa wa kipindi ni mwembamba, na somo analolipata ni dharau.

Weka dharau hiyo katika mji kama huu. Marekani mshiriki anaweza kurudi katika jiji lisilomjua. Songea tunajuana. Familia itakayorushwa Jumapili usiku itakutana na macho yaleyale Jumatatu asubuhi sokoni, kanisani, msikitini na kwenye jumuiya. Mtoto atakutana nayo darasani, ambako jina la bonge likishamkaa mtu halimtoki mpaka anamaliza shule. Msimu wa mwaka 2013 The Biggest Loser kiliingiza watoto watatu wa miaka 13 hadi 16. Mtu mzima anaweza kusaini mkataba, ingawa hata yeye, akiwekewa mbele zawadi ya kubadilisha maisha, uhuru wake wa kukataa ni mdogo. Mtoto hawezi kuelewa maana ya kuonekana nusu uchi na nchi nzima kwa muda wote ambao intaneti itadumu. Kwa hili sina nafasi ya kulegeza: mtoto asipimwe mbele ya kamera, kwa sababu yoyote, kwa idhini ya mzazi yeyote.

Aibu pia inawafukuza watu mahali pa pekee wanapoweza kusaidiwa. Mwanamke anayejua kwamba akifika kituo cha afya jambo la kwanza atakaloambiwa, mbele ya foleni, ni ukubwa wa mwili wake, huenda mara moja. Mara ya pili anapita duka la dawa, ananunua vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani. Huyo ndiye atakayekuja kupatikana na kisukari kikiwa kimeshafika kwenye figo.

Wapo wanaosema tatizo letu ni kinyume, kwamba watu wetu wanautukuza unene na wanahitaji kushtuliwa. Wanacheka salamu zetu, namna mtu aliyerudi kutoka safari anavyosifiwa kwamba amenawiri, na aliyekonda anavyoulizwa kwa wasiwasi kama anaumwa. Wanaita ujinga. Naona wamesahau waliko. Mji huu umepewa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Vita ya Majimaji haikumalizwa kwa risasi peke yake. Jeshi la mkoloni lilichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi ili njaa ikamilishe kazi, na njaa ile iliua watu wengi kuliko bunduki. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kwenye makumbusho kuwakumbuka walionyongwa. Waliokufa kwa njaa hawana orodha. Kisha, karibu na sisi zaidi, miaka ya 1990, kukonda kulikuwa dalili ya UKIMWI iliyoogopwa kuliko zote. Watu waliwaona ndugu zao wakipungua mpaka wakabaki mifupa, wakati dawa hazikuwepo. Tiba ya bure ilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Watu waliopita hapo wakifurahi kuona shavu limejaa, wanafurahi kwa sababu wanayo. Ukitaka kuwashauri kuhusu uzito, lazima uanze kwa kuiheshimu kumbukumbu hiyo. Kipindi cha runinga kilichobuniwa California hakiijui, na hakina dakika ya kujifunza.

Nini kinafaa, basi? Jibu lipo na limepimwa. Mwaka 2002 Wamarekani hao hao walitoa matokeo ya mpango wa kuzuia kisukari uliohusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kuugua. Kundi moja halikupewa kambi wala zawadi. Lilipewa mshauri wa kukutana naye mara kwa mara, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, na dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki. Katika miaka mitatu hivi, wagonjwa wapya wa kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa, na lilifanya vizuri kuliko kundi lililopewa dawa. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 85 ni kilo sita. Mtu aliyepungua kilo sita jirani yake hamtambui. Hakuna mtayarishaji atakayemweka jukwaani, hakuna picha ya kabla na baada itakayomshtua mtu. Ila figo zake zinatambua, macho yake yanatambua, na presha yake inashuka. Hapa ndipo ninapowalaumu watengenezaji wa vipindi hivi kwa uzito wote: wamewafundisha watu kuidharau tiba inayofanya kazi kwa sababu haionekani vizuri kwenye runinga. Mama anapungua kilo tano kwa kutembea na kuacha soda, anajitazama, anajiona bado mnene, anakata tamaa na kuacha. Alikuwa ameshashinda na hakuna aliyemwambia.

Nchi nyingine zimeamua kuhangaika na chakula badala ya mlaji. Mexico iliweka kodi ya peso moja kwa kila lita ya vinywaji vya sukari mwaka 2014, na ununuzi wake ukapungua. Chile mwaka 2016 ililazimisha alama nyeusi kwenye kila pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango, na ikaondoa vikatuni kwenye vyakula hivyo vya watoto. Afrika Kusini ilifuata na kodi ya sukari mwaka 2018. Hapa kwetu mabango ya soda ndiyo yanayoandika majina ya maduka yetu mpaka vijijini, na karibu na lango la shule mtoto mwenye shilingi 200 anapata barafu ya rangi na visheti. Tunda analiona kwa jirani.

Tunayo Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973. Tunao maafisa lishe katika halmashauri, na mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walisaini mbele ya Rais mwaka 2022. Halmashauri zimetakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kiasi ambacho hakifiki bei ya soda mbili. Anayetaka kupigania uzito wa familia za Songea apigane hapo kwanza: shilingi hiyo itolewe yote, iongezwe, na kazi ya afisa lishe isiishie kwa mtoto aliyedumaa wakati mama yake mnene amesimama naye mlangoni. Apiganie uji wa shule wenye maharage na karanga ndani yake. Apiganie njia ya waenda kwa miguu kwenye barabara zetu za lami, ambako leo mwanamke anayetaka kutembea jioni anapishana na pikipiki kwenye ukingo wenye giza. Apiganie bei ya dona. Klabu za jogingi za asubuhi zinazoanzishwa na vijana wetu naziunga mkono kwa moyo wote, hasa zinapomkaribisha mtu mnene bila kumpiga picha.

Najua nitaambiwa kwamba yupo mtu aliyetazama kipindi, akaona uchungu, akasimama, akapungua na mpaka leo ni mzima. Yupo, na namshangilia. Sheria ya kuwaweka watu mbele ya taifa haiwezi kujengwa juu yake, wakati hatuambiwi habari za waliotazama kipindi hichohicho wakajifungia ndani. Basi nataka masharti. Kituo chochote cha Tanzania kitakachotaka kurusha kipindi cha kupunguza unene wa familia kisichukue mtoto. Kilipie matibabu ya kila mshiriki, mshindi na aliyeondolewa wiki ya kwanza, kwa muda wote atakaohitaji. Na kisaini mkataba wa kurudi katika nyumba zilezile miaka sita baadaye, na mizani ileile, kupima uzito, sukari na presha ya kila mmoja anayekubali kupimwa, na kurusha majibu hayo, kwa idhini yake, saa ileile ya Jumapili usiku na kwa muda uleule wa kipindi cha fainali.